Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wanafunzi wa uzamili tuna chumba chetu cha kusomea, na humo kuna swali ambalo halipiti wiki bila kuulizwa: wewe ni mtu wa nini? Wa Mac, wa Windows, au wa Linux? Anayeuliza huwa ameshaangalia mgongo wa kompyuta yako kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo si swali hasa. Ni kama yule anayekuuliza kabila baada ya kusikia jina lako la ukoo. Jibu analo, anataka tu ulitamke mwenyewe ili ajue akuweke wapi.

Mimi nasema swali hilo ni bovu, na nimechoka kulijibu kwa tabasamu. Limebeba dhana kwamba mtu ni wa jukwaa alilolinunua, au la picha inayotokea kwenye kioo anapowasha mashine. Kuna na wale wenye msimamo mkali, ambao kwao wewe si wa popote mpaka utumie kitu kimoja kwa usafi bila kuchanganya. Wote hawa wanapima vitu visivyopimika kwao, na kile kinachopimika wanakiacha: je, kuna mtu anayeweza kukwambia toka? Na akikwambia, unatoka na nini mkononi?

Tuanze na swali lilikotoka. Kati ya mwaka 2006 na 2009 kampuni ya Apple ilirusha matangazo ya televisheni huko Marekani. Wanaume wawili wamesimama, nyuma yao ni weupe mtupu. Mmoja kijana, kavaa kawaida, anajitambulisha kuwa yeye ni Mac. Mwenzake kavaa suti, mnene kidogo, mwenye haya, anajitambulisha kuwa yeye ni PC. Hawakusema "ninatumia". Walisema "mimi ni". Microsoft ilipochoka kutaniwa, mwaka 2008 ikajibu kwa matangazo yake, watu wa kila aina wakitamka kwa kujivuna kwamba wao ndio PC. Kampuni mbili zilizokuwa zikigombana zikawa zimekubaliana jambo moja, kwamba kifaa ni nafsi. Utani huo wa wauzaji umesafiri mpaka chumbani kwetu, ambako wengi wa wanaoulizwa hawajawahi kununua kompyuta mpya maishani mwao.

Na hiyo nafsi yenyewe ni ipi? Mac ya kwanza, ya 1984, ilikuwa na prosesa ya Motorola. Mwaka 1994 zikaja za PowerPC, mwaka 2006 za Intel, mwaka 2020 Apple ikaanza kuweka za kwake. Katikati ya hapo, mwaka 2001, mfumo endeshi wa zamani ukawekwa kando, ukaletwa mwingine uliojengwa juu ya kazi ya NeXT, kampuni ambayo Steve Jobs aliianzisha alipokuwa nje ya Apple. Ubongo umebadilishwa mara tatu, roho mara moja, jina likabaki lilelile. Mtu aliyekuwa "wa Mac" mwaka 1990 na anayejiita hivyo leo, ukiwakutanisha, programu ya kuazimana hawana. Wanachoshirikiana ni nembo, na nembo ni mali ya kampuni.

Historia ya PC inanifundisha zaidi. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 iliijenga kwa vipande vya kununua: prosesa kutoka Intel, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Wengine wakaona kwamba kitu kama hicho hata wao wanakiweza, Compaq wakiwa miongoni mwa wa mbele. Soko likajaa mashine zinazodai kuwa ni PC, na mnunuzi akawa na shaka ya haki kabisa: hii ni ya ukoo, au inajifanya? Njia waliyotumia kuijaribu inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Waliiwekea Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, na Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege. Zikienda zote mbili, mashine ni ya ukoo. Basi. Nembo haikuwa na neno. Kilichotakiwa ni ufanye kazi anayoifanya jirani, na mkimaliza kazi mcheze anachokicheza. Watu wale walikuwa na kipimo chenye akili kuliko chetu. IBM yenyewe mwaka 2005 ikaiuzia Lenovo biashara yake ya kompyuta binafsi, ikaondoka zake, na ukoo aliouzaa ukaendelea kuishi bila mzee.

Kompyuta yangu inatoka katika tawi hilo la ukoo. Ni ThinkPad T460, toleo la mwaka 2016, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi laki nne na nusu. Chini yake ilikuwa bado na stika ya namba ya mali ya kampuni fulani ya bima huko Ulaya. "Dada yangu, hii haijaguswa kabisa," fundi aliniambia, na herufi E ilikuwa imefutika kwa kubonyezwa. Alikuwa ameshaipiga windo. Msemo huo una ukweli mwingi kuliko vitabu vya masoko. Kariakoo mashine hupigwa windo kama ukuta unavyopigwa rangi kabla mpangaji hajaingia. Mnunuzi haulizwi. Unaondoka na Windows kama unavyoondoka na mfuko wa kubebea.

Sasa niambie mimi nilichagua nini. Kama kuna aliyechagua, ni karani wa manunuzi wa kampuni ya bima, miaka ile, akiangalia bei ya mashine mia kwa mpigo. Uchaguzi wake ulishuka bandarini Dar es Salaam pamoja na chaja, na leo mwenzangu ananiweka kwenye fungu kwa uchaguzi huo.

Wenye kujua zaidi ni wale waliopangishwa namna hii kisha wakaona mwenye nyumba anavyokuja. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft ilitangaza orodha ya prosesa zinazokubalika. Za Intel, ukiacha chache, zinaanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha sita. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukafika mwisho. Kulikuwa na mwaka mmoja wa nyongeza kwa watakaojiandikisha, kama notisi inavyoongezewa siku kwa hisani. Usiku wa tarehe 13 mashine ilikuwa ndani ya jukwaa, na asubuhi ya tarehe 15 ikawa nje, bila skrubu hata moja kulegea.

Mwenzangu mmoja ana mashine ya kizazi hichohicho. Ndani yake kuna mahojiano ya miezi minne ya utafiti, sauti za wazee wanaovua, na nusu ya tasnifu. Kwenye ubao wa idara (siitaji) likabandikwa tangazo kwamba kompyuta zisizopokea masasisho hazitaunganishwa na mtandao wa maabara, na wahusika wanashauriwa kununua zinazofaa kabla ya muhula kuanza. Wanashauriwa! Kompyuta mpya yenye sifa zilizoorodheshwa inazidi posho yake ya miezi kadhaa. Kwa wiki tano amekuwa akiazima mashine za watu usiku, akinakili sauti hadi saa saba, kisha anafuta alama zake na kurudisha kabla mwenyewe hajaamka.

Nisieleweke vibaya. Mashine isiyopata masasisho ya usalama ni hatari kwake na kwa wengine, na idara ina haki ya kuilinda mitandao yake. Ninachokataa ni kwamba kati ya hatari na dawa hakukuulizwa swali hata moja. Mashine ni nzima. Kilichokwisha ni ruhusa. Tangazo lilichukua uamuzi wa biashara wa kampuni ya mbali likautafsiri kuwa kasoro ya mwanafunzi.

Hapo ndipo watu wa Linux huja na vicheko vyao, na nao nina neno nao, ingawa ndiko niliko.

Kuna kijana mmoja chumbani kwetu, mwerevu, mkarimu wa chaja, ambaye amenieleza mara tatu kwamba mimi si mtu wa Linux kweli. Ushahidi wake ni huu: natumia Ubuntu, ambayo kwake ni ya wanaoanza, nimeweka programu ya mikutano ambayo msimbo wake ni wa siri, na nimebakiza Windows kwenye diski ya pili kwa ajili ya kazi moja. Tena, ananisahihisha, haiitwi Linux, inaitwa GNU/Linux. Katika hilo la jina ana hoja. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, miaka minane kabla ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, kutangaza kiini chake mwaka 1991, na sehemu nyingi tunazoziita Linux ni kazi ya hao wa mwanzo. (Torvalds alimaliza shahada yake ya uzamili kwa tasnifu kuhusu mfumo huohuo. Nakumbuka hilo kila msimamizi wangu anapouliza nimefika wapi.) Lakini kijana wetu hoja yake haihusu heshima kwa waasisi. Inahusu mlango, na nani asimame mlangoni. Mradi uliozaliwa ili mtu asiweze kufukuzwa na mwenye programu, yeye anautumia kufukuzia watu.

Na wote hawa, wa kila upande, wanakutana kwenye ibada moja, nayo ni picha ya meza. Mnazijua. Kioo kikubwa, kingine kimesimama wima kando, kibodi ya kubofya yenye taa, mmea mdogo, kikombe, waya zote zimefichwa. Sipingi uzuri. Kibodi nzuri ni raha ya kweli kwa mtu anayeandika siku nzima, na mwenye nayo aifurahie. Ila picha hizo zimekuwa kitambulisho, na angalia kisichopigwa picha kamwe: umeme. Meza yangu inaanza na waya wa kurefushia umeme unaotoka chumba cha jirani, kwa sababu soketi ya kwetu inatoa cheche. Kompyuta imeinuliwa kwa vitabu viwili ili feni ivute hewa. T460 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka, na ukibadilisha ile ya nje mashine haizimi, inaendelea kwa ile ya ndani. Nina betri ya nje ya akiba. Umeme ukikatika saa mbili usiku nina uhakika wa kuandika mpaka usingizi unishinde. Kitu hicho hakipendezi kwenye picha. Kimenipa sura ya tatu ya tasnifu.

Waliotulea walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida msemo huo tunausikia kama kijembe kwa anayekaa mno. Mimi nausikia pia upande wa pili. Jembe ndilo linaloukomesha ugeni. Aliyepewa jembe ana kipande cha shamba, anajulikana alikolima, na siku akikosekana kuna watakaomwulizia. Mgeni unaweza kumwandalia mkeka mzuri na chai ya tangawizi miaka kumi, bila jembe atabaki mgeni.

Kwenye T460 jembe langu lilikuwa bisibisi. Fundi yuleyule wa Kariakoo, niliporudi kutaka RAM zaidi, alivuta stuli akanionyesha. "Mdogo wangu, shika hapa, usilazimishe. Ikilia kidogo usiogope." Nafasi za RAM ni mbili, zinafikika. Diski inafunguka. Lenovo wenyewe wanatoa bure mwongozo wa matengenezo, wenye michoro ya kila skrubu. Kwenye MacBook za sasa RAM imelehemiwa, na diski kadhalika. Kununua kidogo leo na kuongeza kesho, ambayo ndiyo namna watu wengi hapa wanavyojenga hata nyumba, hakuwezekani. Nimesikia wanaojiita watu wa Mac kwa miaka sita, na siku mashine ikijaa hawana la kufanya ila kuuza na kununua nyingine. Na kwa kuwa nimesema sitetei nembo, niongeze kwamba ThinkPad nyembamba za siku hizi nazo zimeanza kulehemiwa, na kulalamika kwangu ni kulekule.

Jembe la pili ni lugha. Nasoma isimu. Nachunguza kiimbo cha maswali katika Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga. Atakayewahi kuandika Kiswahili katika programu iliyowekewa kamusi ya Kiingereza peke yake anaijua ile mistari myekundu. Inapita chini ya kila neno, ukurasa mzima, kana kwamba bibi yako amekosea tangu alipozaliwa. Huko ndiko kuambiwa si wa hapa, kabla hata hujafika kwenye prosesa.

Mwaka 2004 kulikuwa na watu walioliona hilo. Desemba mwaka ule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, bure, chini ya mradi ulioitwa Kilinux. Miezi miwili tu nyuma yake, Oktoba, ndipo toleo la kwanza la Ubuntu lilipotoka, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa wakawa wanaposti diski bure kwa yeyote aliyeandika anwani. Microsoft nayo baadaye ikatoa Kiswahili kwa Windows na Office. Sitaki kudanganya kuhusu yaliyofuata. Chumbani kwetu hakuna anayetumia menyu za Kiswahili. Maelekezo yote yako kwa Kiingereza, na mtu akikwama hutafuta msaada kwa maneno anayoyaona kwenye kioo. Lakini tofauti moja imebaki. Kwenye LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, kamusi ya tahajia ya Kiswahili ipo, na kamusi ya mtumiaji ni faili la maandishi tu, neno moja kila mstari. Nimeingiza humo maneno ya Kimtang'ata niliyoyakusanya. Nimewapa wenzangu wawili wanaofanya lahaja jirani, nao wameongeza ya kwao. Siku hizi nikiandika neno la mzee wa Tongoni, mstari mwekundu hautokei.

Programu ninayoichambulia sauti, Praat, iliandikwa Amsterdam na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux bila ubaguzi. Alama ninazoziweka juu ya sauti huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida yanayofunguka popote. Ukinibana kabisa niseme mimi ni wa jukwaa gani, nitasema ni hilo: sauti, faili za maandishi, na watu watatu tunaosahihishana. Hilo likiwekwa kwenye mashine yoyote linawaka.

Simwambii kila mtu ahamie Linux. Ina gharama zake, na wanaozificha ni wauzaji kama wauzaji wengine. Kiolezo cha tasnifu cha idara, kilichotengenezwa kwa Word, kikifunguliwa kwangu majedwali yanahama kama mbuzi wasio na mchungaji. Projekta ya ukumbi mmoja haiitambui mashine yangu mpaka niiwashe upya. Na mafundi wengi mitaani hawaijui, maana yake ukikwama saa mbili usiku umekwama. Mwenye mashine mpya na kazi inayodai programu fulani, abaki alipo na amani yake.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana muhula huu. Idara itaje inachotaka kupokea, isitaje chombo. Ikisema PDF yenye pambizo za kipimo hiki, kila mtu ataifikia kwa njia yake. Kiolezo kitolewe pia katika muundo ulio wazi. Tangazo la ubaoni liandikwe upya liseme "mashine inayopokea masasisho ya usalama", bila kutaja mfumo, kwa sababu T460 yenye Ubuntu inayapokea, nayo ni mashine ileile iliyokataliwa. Na anayenunua Kariakoo, kabla hajauliza ukubwa wa diski, aulize kizazi cha prosesa na mwaka ambao mfumo uliopigwa utaachwa. Fundi asiyejua atajua kufikia mteja wa kumi.

Jumamosi hii tunahamisha mashine tano, ya mwenzangu ikiwa ya kwanza. Mahojiano yake ameshayanakili mara mbili, kwenye diski ya nje na kwenye flashi aliyoifunga kwa utepe mwekundu ili isichanganywe na nyingine. Kijana wa GNU/Linux amejitolea kuandaa flashi ya kusakinishia, na ameahidi kutomsahihisha mtu. Fundi wa Kariakoo atafika baada ya saa nane, akifunga duka, kuona inavyofanyika. Anasema kuna wateja wameanza kurudisha mashine, na hana la kuwaambia.